Gari Linalotufikia Likiwa Limechelewa: Vizazi vya Mark II katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mhadhara kwa walimu, mafundi na wanafunzi, Kasulu



Niliombwa nizungumzie maendeleo ya teknolojia. Mada hiyo ni pana kama pori la Moyowosi, na anayeingia humo bila njia hutoka na miiba tu. Kwa hiyo nimejichagulia njia moja nyembamba. Nitazungumzia gari moja pamoja na ukoo wake wote, kuanzia babu hadi kitukuu. Gari hilo ni Toyota Mark II. Lilizinduliwa Japani Septemba 1968, likapita vizazi tisa kwa jina hilo na viwili kwa jina la Mark X, kisha uzalishaji wake ukasimamishwa Desemba 2019. Miaka 51. Wengi wenu humu ndani hamjaufikia umri huo.

Najua yupo anayejiuliza: gari la kifahari lina habari gani na Kasulu? Sisi tunasafiri kwa basi, kwa bodaboda, na kwa Probox iliyoshindiliwa watu hadi mlango unafungwa kwa goti. Gari la kifahari huku ni la mtu mmoja mmoja: mfanyabiashara wa maharage aliyepata msimu mzuri, mtumishi aliyehamishiwa Kibondo akaja nalo, kijana aliyekwenda Dar es Salaam akarudi na cha kuonyesha nyumbani. Ni kweli, ni machache. Lakini hayo machache ndiyo yaliyowasomesha mafundi wetu, na yamebeba somo ambalo vitabu vya kiwandani havina.

Somo lenyewe ni hili. Japani, kizazi cha gari hufungwa siku kiwanda kinapoleta kingine. Huku kwetu hufungwa siku fundi anapojifuta mikono na kusema, "Hili, mzee, lipeleke Dar." Kalenda hizo mbili hazilingani. Leo nataka tuzisome zote mbili, tuone mahali zinapoachana na sababu yake.

Jina la mjini na jina la gereji

Tuanze na majina. Mwenye gari husema, "Nina Mark II." Fundi hatosheki na jibu hilo. Atafungua boneti, atasoma kibati, kisha atasema, "Hii ni GX 100." Hapo ameshamaliza kulisoma gari.

Herufi ya G inataja familia ya injini, ile tunayoiita 1G: lita 2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. X ndiyo jina la ukoo, yaani fremu ya jamaa hawa wote. Nambari inataja kizazi: 60, 70, 80, 90, 100, 110. Kwa hiyo GX 90 na GX 100 ni kaka na mdogo wake, wote wana moyo wa aina moja. Ukikuta JZX, ujue humo ndani kuna injini ya JZ, kubwa zaidi, lita 2.5 au 3. SX ina silinda nne. LX ni ya dizeli. Na katika vizazi vya mwisho, nambari ikiishia na 5, kama GX 105 au GX 115, magurudumu yote manne yanavuta. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa Heru Juu wakati wa masika.

Vijana, oneni basi kwamba mfumo huu ni sarufi. Una shina na viambishi. Fundi ambaye hakumaliza darasa la saba anaunyambua kama mwalimu wa Kiswahili anavyonyambua kitenzi. Msimdharau.

Mtoto wa kati

Sasa tuifungue kalenda ya Japani.

Katika miaka ya 1960 Toyota ilikuwa na Corona, gari la mfanyakazi wa kawaida, na Crown, gari la mkubwa, lililokuwepo tangu 1955. Kati yao palikuwa na pengo. Japani ilikuwa inatajirika haraka, na meneja aliyepanda cheo hakutaka tena kuonekana na Corona, lakini mfuko wake haukuifikia Crown. Nissan waliliona pengo hilo, wakaleta Laurel Aprili 1968. Toyota wakajibu Septemba ya mwaka huo huo kwa Corona Mark II. Jina lenyewe linakiri: hii ilikuwa Corona ya pili, mtoto wa kati, aliyezaliwa ili amsogelee kaka yake mkubwa bila kumvunjia heshima.

Mtoto wa kati hukua kwa kuazima nguo za kaka. Katika kizazi cha pili, mwaka 1972, Mark II iliazima kwa Crown injini ya silinda sita za mstari. Hapo ndipo ilipopata tabia iliyodumu nayo hadi mwaka 2004. Niruhusuni nisimame hapa kidogo, maana bila kulielewa jambo hili hatutaelewa kwa nini gari hili lilipendwa.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika. Kila inayopanda huisukuma injini, kila inayoshuka huivuta. Katika injini ya silinda nne, misukumo hiyo haifutani yote, na ndiyo maana usukani hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama. Silinda sita zikipangwa mstari mmoja, misukumo mikubwa hufutana yenyewe kwa yenyewe, kama wapiga makasia sita wanaokwenda kwa wimbo mmoja. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo chao: husimamisha sarafu kwa ukingo juu ya injini inayounguruma. Nimeiona sarafu ya shilingi ikisimama hivyo juu ya 1G katika gereji bubu moja hapa mjini, chini ya mwembe, na fundi akatutazama kama padri aliyemaliza kubariki. Anasa ya Mark II ilianzia hapo, kwenye utulivu. Viti vya mahameli vilikuja baadaye.

Kizazi cha tatu, mwaka 1976, kilisafirishwa nje ya Japani kwa jina la Cressida, na kwa jina hilo kikapendwa sana hasa nchi za Ghuba. Nyumbani Japani ukoo ulipanuka: Chaser ilizaliwa 1977, Cresta 1980. Hao walikuwa ndugu watatu wenye mifupa ileile, wakitofautiana taa, mkia na kiburi. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Toyota ilikuwa na minyororo tofauti ya maduka, na kila mnyororo ulitaka mtoto wake wa kumuuza.

Kisha ikaja miaka ya neema. Uchumi wa Japani wa mwisho wa miaka ya 1980 ulikuwa umevimba kama mkate uliozidi hamira, na kizazi cha X80, cha mwaka 1988, kilikuja wakati wake hasa. Mark II nyeupe ikawa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Lakini tazameni kitu kimoja. X80 ya saluni ilikuwa na upana wa milimita 1,695. Kwa nini 1,695 na si 1,750? Kwa sababu sheria ya Japani iliyaweka kwenye daraja la magari madogo yale yasiyozidi upana wa milimita 1,700, urefu wa mita 4.7 na injini ya sentimita za ujazo 2,000. Ukivuka hapo, kodi ilikurukia shingoni. Kwa hiyo umbo lote la gari, ule ubapa na zile pembe kali kama sanduku la bati, lilichorwa na mtoza kodi kabla halijachorwa na mhandisi. Mwaka 1989 kodi hiyo ilibadilishwa, na kizazi kilichofuata, X90 cha mwaka 1992, kilipumua: upana milimita 1,750, mabega ya mviringo, kama mtu aliyevua mkanda baada ya kushiba.

X100 ilikuja 1996, imenyooka na kukaza uso. X110 ilikuja mwaka 2000. Mwaka uliofuata Chaser na Cresta ziliondoka, na nafasi yao ikachukuliwa na Verossa, ambayo nayo haikufika mbali. Novemba 2004 saluni ya Mark II ikastaafu, akaingia Mark X mwenye taa tatu kila upande wa uso, injini mpya ya silinda sita za umbo la V, na gia sita za otomatiki. Kizazi chake cha pili kilitoka 2009, kikadumu miaka kumi. Wajapani walikuwa wameshahamia kwenye magari marefu ya juu na magari madogo ya kubana mafuta, saluni ikabaki kwa wazee. Ndipo pazia likashuka.

Hiyo ndiyo kalenda ya kwanza. Imeandikwa vizuri, ina tarehe, na haina vumbi.

Mwisho wa reli

Kalenda ya pili ina vumbi jekundu.

Tulipokuwa wadogo, ukubwa wa mtu huku ulipimwa kwa magari mengine. Land Rover lilikuwa la serikali. Peugeot 404, na baadaye 504, lilikuwa la afisa au la mmisionari. Gari hilo lilikwishajijengea jina kwenye mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, na 504 zilikuwa zikiunganishwa Mombasa. Benzi lilikuwa la mkubwa kabisa, na Waswahili walikuwa wameshatunga kabila jipya, Wabenzi, ambalo halina mwami wala mipaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kulifupisha kabila hilo kwa masharti ya uongozi.

Mark II haikuwemo katika orodha hiyo. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zikazidi kuwa haba. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa, ukafunguka zaidi chini ya Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Ndipo magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuteremka bandarini. Yalitufaa kwa sababu moja rahisi: Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Na yalikuwa mengi kwa sababu nyingine: sheria yao ya ukaguzi hulidai gari lipimwe baada ya miaka mitatu ya kwanza na kila baada ya miwili inayofuata, kwa gharama inayopanda kadiri gari linavyozeeka, hata Mjapani huona nafuu kuliuza kuliko kulikagua.

Lakini kutoka bandarini hadi Kasulu ni safari nyingine. Reli iliifikia Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi reli ndiyo ilikuwa njia ya kuaminika. Sisi wa nyanda za juu hatukuwa hata mwisho wa reli. Tulikuwa ng'ambo ya mwisho wa reli. Barabara ya kwenda Kibondo ikivuka Malagarasi na kuendelea Kakonko hadi Nyakanazi ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha udongo ule hugeuka sabuni. Miaka ya 1990 walipokuja wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, zikaja na Land Cruiser nyeupe za mashirika, na vijana wetu wengi wakapata ajira ya udereva na ufundi. Magari yale yalikuwa ya kazi. Gari la kujionea raha mwenyewe lilikuja polepole, moja moja, nyuma yake.

Mimi niliiona GX 90 ya kwanza hapa mjini wakati Wajapani tayari walikuwa wanaendesha GX 110. Vizazi vilitufikia kwa mpangilio uleule, ila vimechelewa, kama mwangwi wa ngoma inayopigwa bonde la pili. Jirani zetu wa Kenya wameweka ukomo: gari lililozidi miaka minane haliingii. Kwa hiyo kwao vizazi hupita haraka, na vijana wa Nairobi wakaizoea Mark X mapema. Sisi Tanzania hatukuliwekea ukomo, bali tuliliongezea ushuru gari lililozidi miaka minane. Likiwa limechakaa linaingia tu, mwenyewe akilipa.

Na hata umri wake tunauhesabu kwetu. Muulize mtu wa Kibondo gari lake la mwaka gani. Atakujibu, "Namba C." Au namba D. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za kibao cha usajili ndiyo mwaka wake wa kuzaliwa, kwa sababu huku gari huzaliwa siku linapogusa ardhi ya Tanzania. Miaka yake ya Japani ni kama maisha ya mtu kabla hajabatizwa.

Kalenda ya fundi

Sasa naomba mafundi mnisahihishe nikikosea.

Katika ukoo wote huu, ni wepi waliodumu huku? GX 90, GX 100 na GX 110. Ninawakuta bado, wengine wamebadilishwa rangi mara mbili, shoo ya mbele imetoka gari jingine, lakini wanaenda. Kwa nini hawa? Sababu ya kwanza ni ile 1G. Sentimita zake za ujazo ni 1,988. Mjapani aliiacha chini ya 2,000 kwa ajili ya kodi yake. Na ushuru wetu wa bidhaa nao hupanda injini ikivuka 2,000. Mtoza kodi wa Tokyo na mtoza kodi wa Dar es Salaam, bila kufahamiana, walichora mstari mahali pamoja, na 1G ikapita chini ya kamba zote mbili.

Sababu ya pili ni kwamba 1G inafunguka. Petroli yake hunyunyizwa nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, kwa shinikizo dogo. Bloku ni ya chuma cha kalibu. Mkanda wa taimingi unafikika kwa urahisi. Injini ikinoki, inashushwa chini ya mwembe ule ule, kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi, na spea zake zinapatikana Kariakoo hata kwa kupiga simu na kufungiwa kwenye basi.

Lakini si kila kilichobuniwa kwa raha kilitupa raha. Chukueni miguu ya gari. Vizazi vya mwanzo vilikuwa na ekseli ngumu nyuma, kama ya pikapu. Kizazi baada ya kizazi miguu ikalainishwa, hadi kufikia X90 kila gurudumu likawa na mikono yake miwili, juu na chini, linajipandia na kujishukia peke yake. Kwenye lami ya Japani huo ni usingizi. Kwenye barabara ya changarawe yenye migongo kama ya bati, kila mkono una bushi, kila bushi inapigwa maelfu ya mara kati ya hapa na Makere, na bushi ni mpira, si chuma. Hapo fundi akabuni: akainua gari kwa spesa, akafunga bati la kukinga sampu, akaweka shokapu ngumu kuliko zile za asili. Mjapani angeliona gari hilo asingelitambua. Anasa yake imepungua, maisha yake yameongezeka. Ukitaka kujua kizazi cha GX 100 cha Kasulu kinatofautianaje na cha Nagoya, chungulia chini.

Mstari unaopita katikati ya kizazi

Ndugu zangu, sasa nimefika mahali kalenda mbili zinapoachana kabisa.

Katika vitabu, X110 ni kizazi kimoja. Kwa fundi wa huku ni vizazi viwili. GX 110 ilibaki na 1G, yenye nguvu zaidi kidogo lakini ya ukoo uleule. Nduguye JZX 110 alipewa, katika baadhi ya matoleo, injini ya 1JZ-FSE, na injini hiyo hiyo iliingia kwenye Brevis na Verossa. Herufi ya S mle ndani ndiyo habari yenyewe. Ni mfumo ambao Toyota waliuita D-4: petroli hainyunyiziwi tena nje, inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa mno. Faida yake ni ya kweli. Injini hupata nguvu zaidi kwa mafuta machache. Mark X zote zilifuata njia hiyo.

Lakini shinikizo kubwa linataka pampu yenye uwazi mdogo kuliko unywele, na pampu ya namna hiyo inategemea petroli iwe safi, kwani petroli ndiyo mafuta yake ya kujilainishia. Na valvu za kuingizia hewa, ambazo zamani zilioshwa na petroli iliyopita juu yake, sasa hazioshwi, zinajikusanyia masizi. Mfumo huo unataka mafuta safi, unataka mashine ya kupimia, na unataka fundi aliyeusomea.

Sasa kumbukeni mafuta yetu ya miaka ile. Neno uchakachuaji halikutungwa na washairi. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, petroli na dizeli zilikuwa na ushuru mkubwa, na katikati yake wakaingia wajanja wa kuchanganya. EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili ujanja ule usilipe tena. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwenye vijiji ambako petroli inauzwa kwa chupa kando ya njia, injini ya kunyunyizia ndani ilikuwa kama mgeni mwenye tumbo jepesi aliyekaribishwa kwenye sherehe ya pombe ya kienyeji.

Nitawapa kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa lifti kutoka Kibondo na mfanyabiashara mmoja, kwenye gari la kifahari ambalo sitaitaja chapa yake. Njiani akaishiwa mafuta, akanunua lita tano kwenye dumu. Hatukufika mbali. Gari likaanza kukohoa, taa ikawaka kwenye dashibodi, likanyamaza. Fundi wa kijiji akaja na baiskeli. Alifungua boneti, akakuta kifuniko cha plastiki, akakifungua, akakuta kingine. Akasimama. Kisha akasema kwa heshima kubwa, "Mzee, mimi hili sijalifahamu." Kile kifuniko cha plastiki kilinifundisha jambo. Maendeleo ya gari la kifahari, kizazi hadi kizazi, yamekuwa maendeleo ya kuficha. Wameficha sauti, wameficha mtetemo, mwishowe wameificha injini yenyewe. Kwa mwenye lami na gereji kubwa, kufichiwa ni raha. Kwa aliyekwama porini, alichofichwa ndicho anachokihitaji.

Ndiyo sababu nasema mstari wa kweli, kwa kalenda yetu, haukupita kati ya Mark II na Mark X mwaka 2004. Ulipita katikati ya X110, kati ya ndugu wawili waliozaliwa mwaka mmoja kiwanda kimoja. Mmoja fundi alimfahamu, mwingine hakumfahamu. Na aliyerithi barabara zetu baada ya hapo hakuwa Mark X hata kidogo. Alikuwa Probox, gari la mizigo lililozaliwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya wauza bidhaa, lisilo na hata chembe ya fahari, lenye silinda nne na injini unayoiona nzima ukifungua boneti.

Kuchelewa ni notisi

Ningeweza kuishia hapa, tukalia pamoja kwamba vya zamani vilikuwa bora. Nisingekuwa mkweli.

Barabara inabadilika. Mradi wa lami kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260, umebadilisha maana ya gari huku kwetu. Gari lililokuwa limepotea njia mwaka 2010 linaweza leo kuwa limefika mahali pake. Na gereji nazo zinabadilika. Wapo vijana mjini hapa wenye mashine ya kupimia, wanaochomeka waya chini ya usukani na kusoma kosa kwenye simu. Kwao Mark X si fumbo. Kizazi alichokifunga fundi mzee, fundi kijana amekifungua tena. Kumbe kalenda ya huku, tofauti na ya kiwandani, inaweza kurudi nyuma.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwaachia neno langu, hasa walimu wa ufundi. Tumezoea kulalamika kwamba kila kitu hutufikia kimechelewa. Gari linatoka Japani, linakaa huko miaka kumi, linakaa Dar es Salaam mitano, ndipo linapanda milima kuja kwetu. Ni kweli linachelewa. Lakini anayechelewa na kutuma barua mbele ametupa muda wa kutandika kitanda. Crown, yule kaka mkubwa ambaye Mark II ilizaliwa kumsogelea, alibadilishwa tena mwaka 2022, na nyingi kati ya Crown hizo mpya ni za haibridi: injini na mota ya umeme zinafanya kazi pamoja, na betri yenye umeme wa kuweza kuua mtu. Hatuhitaji mganga wa kupiga ramli. Tunajua gari gani litakuwa chini ya mwembe wa Kasulu baada ya miaka kumi na mitano, kwa sababu tayari lipo, lina kitabu chake, lina michoro yake, na mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza ana muda wa kulisoma kabla halijavuka Malagarasi.

Mlipopokea GX 100 notisi hiyo haikuwafikia, mliijifunza ilipokwama. Kwa hili linalokuja mnayo.

Na ninyi mnaotarajia kununua gari, msiulize kwanza namba ipi, wala viti vya ngozi, wala taa ngapi. Nendeni gereji, muulize swali moja: hapa nani amewahi kulifungua? Akijitokeza mmoja, nunua. Asipojitokeza, mpeleke mwanao akasome, ulinunue akirudi.

Nasubiri maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa fundi.